Zima Kwanza, Halafu Instoli

Kompyuta ya nyumbani yenye Windows 10 au 11 inakuja na antivairasi yake ndani. Inaitwa Microsoft Defender, haiuzwi, na inakuwa imeshawaka tangu siku ya kwanza. Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, hata hivyo, mara nyingi ndicho kitu cha kwanza kuzimwa. Fundi anapiga Windows, anazima kinga, anaweka programu zake, anakukabidhi mashine. Vijana waliosoma TEHAMA wakisikia hivyo wanapandwa na hasira. Mafundi nao wanawaona vijana hao kuwa watu ambao hawajawahi kula ugali wa kompyuta yenye RAM ya GB 4.

Nimewakalisha watu wanne kwenye benchi la duka moja, Dar es Salaam. Nimewaunda mwenyewe, msiende kuwatafuta Kariakoo, ila hoja zao zinasikika huko kila siku. Yupo mwalimu mstaafu aliyenunua laptopu ya mtumba. Ni katibu wa kikoba, na hesabu za wanachama wote ziko humo. Yupo binti yake, mwanafunzi wa uandishi wa programu. Yupo mama mwenye steshenari ya jirani. Na yupo fundi aliyeiuza hiyo laptopu. Mimi nitadakia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MWALIMU: Fundi, binti yangu anasema umenizimia ulinzi. Mimi sijui hata huo ulinzi unakaa wapi. Nataka nisikie kwako kwanza.

FUNDI: Shikamoo, mwalimu.

MWALIMU: Marahaba.

FUNDI: Ni kweli niliugusa, na nina sababu. Mashine yako ina RAM ya GB 4 na hadidiski ya zamani, ile inayozunguka, siyo SSD. Ukiiwasha asubuhi, ingia Task Manager, utakuta kitu kinaitwa Antimalware Service Executable kimeikalia diski, asilimia mia. Unabonyeza Excel, unakwenda kunywa chai, unarudi, bado inazunguka tu. Kesho yake ungerudi hapa ukaniambia nimekuuzia kimeo.

BINTI: Kaka, hiyo ni skani ya mara moja moja. Unaiacha imalize.

FUNDI: Imalize lini, dada? Hadidiski inasoma mahali pamoja kwa wakati mmoja. Windows inataka kusoma, Excel inataka kusoma, na Defender inataka kukagua kila faili kabla halijafunguka. Kwenye laptopu yako yenye SSD huwezi kuliona hilo. Wateja wangu wanaliona.

Nadakia. Hapa fundi ana haki kuliko yeye mwenyewe anavyojua. Mwaka 2018 Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, walipokea malalamiko kwamba Defender inakula prosesa kila mtu anapoperuzi. Tatizo lilikuja kutatuliwa mwaka 2023. Kwa miaka mitano mtu aliyesema “Defender inanipunguzia kasi” aliambiwa ni mawazo yake, au anunue mashine nyingine. Wahandisi walipochimba, walikuta Defender inafanya kazi nyingi isiyo na maana kila Firefox inapobadilisha ruhusa za vipande vya kumbukumbu. Microsoft iliporekebisha, matumizi ya prosesa ya Defender wakati wa kuperuzi kwa Firefox yalishuka kwa takriban asilimia 75. Kwa hiyo tusimcheke mtu wa GB 4. Anachokiona kipo.

BINTI: Sikatai kwamba inachelewesha. Hata sisi waandishi wa programu tunaumia. Ukijenga mradi, kompyuta inaunda maelfu ya faili ndogondogo, na Defender inataka kulitazama kila moja. Mwaka 2023 Microsoft yenyewe ilileta Dev Drive kwenye Windows 11, sehemu ya diski ambayo Defender inaacha faili lifunguke kwanza, ukaguzi unafuata baadaye. Mimi sina hiyo, kwa hiyo folda yangu ya kazi nimeiweka kwenye orodha ya vitu vilivyotengwa, isikaguliwe.

FUNDI: Mnasikia? Yeye akizima ni msomi, mimi nikizima ni mhuni.

BINTI: Mimi nimetenga folda moja, kaka. Vilivyomo nimeviandika mwenyewe.

FUNDI: Vyote? Hakuna maktaba za bure ulizopakua kutoka mtandaoni?

Binti hakujibu haraka. Ukweli ni kwamba mradi wowote wa programu siku hizi una faili nyingi za watu wengine kuliko za mwenye mradi, na wezi wameshawahi kupenyeza vitu vyao humo. Fundi alimkamata vizuri.

MWALIMU: Mwacheni apumue. Fundi, kasi nimeielewa. Una jingine?

FUNDI: Ninalo, mwalimu. Watu wanaisifia hii Defender kama haina doa. Mei 2017 watafiti wa Google, kile kikosi chao cha Project Zero, walikuta tundu ndani ya injini yake. Tavis Ormandy na Natalie Silvanovich, kama sijakosea majina.

BINTI: Hujakosea.

FUNDI: Tundu lenyewe lilikuwa hivi. Injini inafanya kazi kwa mamlaka ya juu kabisa ndani ya Windows, na inakagua kila kinachoingia. Mtu akikutumia barua pepe yenye faili lililotengenezwa kwa ujanja, huna haja ya kulifungua. Defender inalifungua kwa niaba yako ili ilikague, na hapo hapo imeshatekwa. Antivairasi ndiyo iliyokuwa mlango. Sasa niambieni, asiyekuwa nayo siku ile hakuwa salama zaidi?

BINTI: Kwa tundu hilo moja, ndiyo. Lakini lilizibwa ndani ya siku chache, na kiraka kilikwenda chenyewe kwa watu bila kusubiri sasisho la mwezi. Mwaka uliofuata wakatangaza kwamba injini inaweza kufanya kazi ndani ya eneo lililofungwa, ili ikitekwa isiende na nyumba nzima. Halafu kuna Robert O’Callahan, aliyekuwa mhandisi wa Mozilla. Januari 2017, miezi michache kabla ya hilo tundu, aliwaambia watu waondoe antivairasi kwenye kompyuta zao kwa sababu zinaharibu usalama wa programu nyingine. Aliiacha moja tu: ya Microsoft.

FUNDI: Na Septemba 2022 je? Jumapili moja Defender ilianza kupiga kelele kwamba Chrome ni virusi. Watu wanafungua kivinjari, wanaambiwa hatari. Wanafuta, inarudi tena. Hapakuwa na virusi.

BINTI: Kosa lao, na walilirekebisha kwa sasisho. Kaka, sikusema ni malaika.

Mabishano ya namna hii yanaweza kukesha. Kila upande una visa vyake, na mtu akitaka kushinda kwa visa atashinda. Nilitaka kuuhamisha mjadala, lakini mama wa steshenari alinitangulia.

MAMA WA STESHENARI: Nyie mnaongea ya Google. Mimi naongea ya flashi. Kwangu zinaingia flashi kutoka kila kona: mwanafunzi na ripoti yake, kijana na CV, kamati ya harusi na kadi za mchango. Kuna ile virusi inayogeuza folda zote kuwa shotikati. Siku moja mtoto wa chuo alichomeka flashi, Defender ikapiga kelele, ikafuta. Kufungua, flashi tupu. Alilia pale mlangoni, “Mama umenifutia ripoti.” Mimi nikamwita fundi nikamwambia zima hiki kidudu, kinanifukuzia wateja.

FUNDI: Nikakizima.

MAMA WA STESHENARI: Ukakizima, na kelele zikaisha.

FUNDI: Ila mama, ile ripoti haikufutwa.

MAMA WA STESHENARI: Unasemaje?

FUNDI: Kile kidudu hakifuti folda. Kinazificha, kinazipa alama ya kuwa faili za mfumo, halafu kinaweka shotikati zenye majina yale yale. Ukibonyeza shotikati, kwanza unakiamsha, ndipo folda yako inafunguka, kwa hiyo hushtuki. Defender inafuta kidudu na zile shotikati zake, lakini haizifichui folda. Unaona patupu. Ni kwenda kwenye ile skrini nyeusi, kusimama kwenye flashi, na kuandika attrib -h -r -s /s /d, vinarudi vyote.

MAMA WA STESHENARI: Kwa hiyo ripoti ya yule mtoto ilikuwemo?

FUNDI: Ilikuwemo.

MAMA WA STESHENARI: Na hukuniambia.

FUNDI: Hukuniuliza, mama. Uliniambia zima.

Niseme wazi nilipo. Kati ya visa vyote vilivyotajwa kwenye benchi hili, cha mama ndicho kinachonielea kuliko vyote, kwa sababu hakuna aliyekuwa mjinga ndani yake. Mteja aliona flashi tupu. Mama aliona mteja analia. Fundi alipewa agizo na mtu anayemlipa. Kinga ikazimwa ili malalamiko yaishe, na yaliisha kweli. Tangu siku ile kompyuta ya steshenari imekuwa ikipokea kidudu kwenye flashi moja na kukigawa kwenye zote zinazofuata, na wanaolalamika wako majumbani kwao, mbali na kaunta ya mama. Swali la kuzima au kutozima haliamuliwi na anayeumia. Linaamuliwa na anayesikia kelele.

BINTI: Sasa baba, tufike kwenye laptopu yako. Nataka kuonyesha kitu. Kuna mstari mmoja wa herufi 68 uliotengenezwa na watu wa EICAR huko Ulaya kwa ajili ya majaribio. Hauna madhara yoyote. Ila watengenezaji wa antivairasi wamekubaliana kwamba faili lenye mstari huo lichukuliwe kama virusi, ili mtu ajue kinga yake iko macho bila kuingiza virusi halisi. Nauandika hapa kwenye Notepad, nasevu kwenye desktopu.

MWALIMU: Nasubiri nini?

BINTI: Defender ilinyakue.

Walisubiri. Faili lilikaa pale pale. Binti akalifungua, akalifunga, akalinakili. Hakuna kilichotokea. Kwenye kona ya skrini, ngao ya Defender ilikuwa na alama ya tiki ya kijani.

MWALIMU: Lakini hii si inasema kila kitu kiko sawa?

BINTI: Ndiyo inavyosema. Kaka, nifungue mwenyewe ile orodha au ufungue wewe?

FUNDI: Fungua tu, dada.

Aliingia Windows Security, akaenda Virus & threat protection, akabonyeza Manage settings, akateremka hadi chini kabisa penye Exclusions. Orodha ilikuwa na mstari mmoja: C:\.

MWALIMU: Hiyo ni nini?

BINTI: Ni kompyuta yako yote, baba. Imetengwa. Defender imewaka, inakula RAM, inapokea masasisho, inaweka tiki ya kijani, ila imeambiwa isitazame chochote.

MWALIMU: Msimamizi wa mtihani aliyesaini mahudhurio, akapokea posho, akaambiwa asitazame darasa.

BINTI: Huyo huyo.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana fundi hakuianza njia hii kwa kupenda. Zamani kuzima Defender moja kwa moja kulikuwa kazi ya dakika. Uliingia kwenye rejista ya Windows, ukaweka thamani moja inayoitwa DisableAntiSpyware, basi. Virusi navyo vilijua njia hiyo hiyo, vikawa vinaitumia. Mwaka 2019 Microsoft ikaleta Tamper Protection, inayokataza programu nyingine kuchezea mipangilio ya Defender. Agosti 2020 ikatangaza kwamba ile thamani ya rejista haitasikilizwa tena kwenye kompyuta za watu binafsi. Ikabaki swichi ya kawaida kwenye mipangilio, nayo ni ya muda: unaizima, baadaye Windows inaiwasha yenyewe bila kukuuliza.

Kwa mtu wa nyumbani huo ni mpango mzuri. Kwa fundi ni kero, kwa sababu alichokiweka leo kinga itakiondoa kesho mteja akiwa nyumbani. Mafundi wakahamia kwenye kutenga. Kutenga hakujirudishi. Na tofauti kubwa ni hii: ukizima swichi, Windows inakuonya kwa alama inayoonekana, ukitenga diski nzima, ngao inabaki kijani. Microsoft ilibana mlango wenye kengele, watu wakaenda kwenye mlango usio na kengele. Sisemi walikosea kuubana. Nasema kompyuta za mtumba zinazouzwa zikiwa na tiki ya kijani na C nzima imetengwa ni hatari kuliko zile za zamani zilizozimwa waziwazi, kwa kuwa mwenye nazo hana namna ya kushtuka.

MWALIMU: Fundi, kasi nilikuelewa. Lakini hii si ya kasi. Umesema kinga inakula diski. Si bado inawaka?

FUNDI: Inawaka. Ukitenga inapungua kidogo, lakini ni kweli, si kwa ajili ya kasi tu.

MWALIMU: Ni kwa ajili gani?

FUNDI: Mwalimu, ulitaka Windows na Office. Ulilipa bei ya mtumba. Leseni mbili za halali ungezilipa wewe? Niliweka kraki. Bila kutenga, Defender inaing’oa kraki, na baada ya hapo Office inakuandikia kila siku kwamba haijalipiwa, unanipigia simu.

BINTI: Hapo sasa.

FUNDI: Hapo sasa nini? Dada, wewe mwenyewe unajua Defender inaiitaje. Haisemi virusi. Inasema HackTool, kifaa cha kudukua. Hiyo ni biashara ya Microsoft inalindwa kwa jina la usalama wangu. Kifaa hicho hakiibi kitu, kinadanganya leseni tu.

Hoja hii ina nguvu, na wanaoibeza mara nyingi hawajaisikiliza. Ni kweli Defender inakitambua kifaa cha kraki kama KMSPico kwa jina la HackTool. Ni kweli pia kwamba mwenye antivairasi na mwenye leseni ni kampuni moja, na anayelindwa ana haki ya kuuliza analindwa dhidi ya nani. Suala la sheria nalipita haraka: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na kila mtu kwenye benchi hili anajua ni wangapi wanaiogopa.

BINTI: Kaka, tuseme kifaa chenyewe hakiibi. Wewe ulikipata wapi?

FUNDI: Kwenye mtandao.

BINTI: Mtandao upi? KMSPico haina tovuti rasmi ambayo wewe na mimi tunaweza kuithibitisha. Zipo tovuti kibao zinazodai ndizo. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza kisa cha kisakinishi cha namna hiyo: kilikuwa na KMSPico ndani, na pembeni yake kikaweka Cryptbot, mwizi anayezoa nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Leseni ikadanganywa kama ulivyotaka. Kila kitu kikafanya kazi. Mtumiaji hakuona tofauti yoyote. Na maelekezo yanayokuja na vitu hivi, unayajua sentensi yake ya kwanza.

FUNDI: Zima antivairasi kwanza.

BINTI: Ile sentensi mwizi na asiye mwizi wanaiandika sawasawa. Wewe unatofautishaje?

FUNDI: Naitumia muda mrefu, haijanisumbua.

BINTI: Haijakusumbua wewe. Hukai na laptopu hizi baada ya kuziuza.

Hilo lilimgusa. Nikamwona akichukua bisibisi na kuirudisha.

MWALIMU: Na ikiwa ndani yake kuna huyo mwizi, mimi naathirika vipi? Sina pochi ya sarafu. Nina kikoba.

BINTI: Barua pepe yako inakumbukwa na kivinjari, baba. Namba za wanachama zimo. Na kuna jambo baya zaidi ya wizi wa nywila. Kuna familia ya virusi inaitwa STOP, wengine wanaiita Djvu. Hii haijengwi kwa ajili ya benki wala hospitali. Inawinda watu wa nyumbani, na njia yake kubwa ni hizo hizo kraki. Ikiingia inafunga picha, nyaraka, hesabu, kila faili linaongezewa herufi mwishoni mwa jina na halifunguki. Inakuachia barua inaitwa _readme.txt: ulipe dola 980, na ukiwasiliana nao ndani ya saa 72 wanakupunguzia nusu.

MAMA WA STESHENARI: Wana na punguzo!

BINTI: Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungua aina 148 za awali. Zilizokuja baadaye nyingi zake, kama zimefungwa kwa ufunguo uliotoka kwenye seva ya wezi, hazifunguki.

FUNDI: Na Defender ingeizuia?

BINTI: Pengine ingeizuia, pengine isingeizuia. Kwenye mashine iliyotengewa C yote hatuna hata cha kubishania.

FUNDI: Basi dawa ya hapo ni bakapu, dada, siyo Defender. Mtu mwenye nakala ya faili zake kwenye diski ya pembeni, iliyochomolewa, anafuta kila kitu, anapiga Windows upya, anaendelea na maisha.

Namuunga mkono fundi mia kwa mia. Aliyewasha kila kinga asiwe na nakala ya pili ni mtu anayeomba asiugue.

MWALIMU: Hesabu za kikoba ninazo kwenye daftari. Kila Jumamosi naandika kwa mkono kwanza.

FUNDI: Mwalimu, basi umetuzidi wote hapa.

MWALIMU: Lakini namba za wanachama sitaki ziende kwa mtu. Ondoa hiyo C.

Binti akaiondoa. Haikupita muda, Defender ikaanza. Kwanza ililinyakua lile faili la herufi 68. Kisha ikatangaza HackTool. Kisha feni ya laptopu ikaanza kulia, na fundi akamtazama mwalimu kwa jicho la kusema: nilikuambia.

MWALIMU: Sasa itakuwa nzito hivi siku zote?

BINTI: Ikimaliza skani ya kwanza itapungua. Na skani ya ratiba unaweza kuihamishia saa ambayo huitumii. Ila kaka amesema kweli kuhusu hadidiski. Ukitaka wepesi, badilisha diski uweke SSD. Hicho ndicho kitu pekee utakachokiona kwa macho.

FUNDI: Hilo nakubali. Ninazo.

MWALIMU: Na Windows isiyolipiwa? Itazimika?

BINTI: Haizimiki. Kona ya chini itakuandikia maneno ya kukukumbusha uilipie, na hutaweza kubadilisha picha ya nyuma kupitia mipangilio. Defender inaendelea kufanya kazi. Kwa Office nitakuwekea LibreOffice, ni ya bure na halali, inafungua faili zako za Excel. Hesabu za kikoba hazina kitu cha kuishinda.

FUNDI: Menyu zake zitamchanganya mzee.

MWALIMU: Nimefundisha watoto darasa la kwanza kushika penseli, fundi. Menyu haitanishinda.

BINTI: Na jingine, baba. Prosesa yako ni ya zamani, Windows 11 haiikubali rasmi. Windows 10 iliacha kupokea viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Ila Microsoft imesema Defender kwenye Windows 10 itaendelea kupokea orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028. Mfumo umeshazeeka, kinga ndiyo bado inalishwa. Halafu ndiyo tuliyokuwa tumeifumba macho.

FUNDI: Viraka vya Windows ninazima pia, nikuambie ukweli. Bando. Sasisho moja linakula GB za mteja, anadhani nimemwibia.

BINTI: Virusi vya WannaCry vilivamia dunia Mei 2017, na kiraka cha kuvizuia kilikuwa kimetoka Machi.

FUNDI: Najua. Nimesema sababu, sijasema ni sawa.

Kwenye bando sina la kuongeza. Mtu anayenunua intaneti kwa siku hawezi kuhubiriwa na mtu mwenye fiba nyumbani.

MWALIMU: Basi mimi nina ombi moja, fundi. Kuanzia leo, ukiniuzia mashine au ukimuuzia mtu ninayemleta hapa, andika kwenye risiti ulichozima na ulichotenga. Kwa Kiswahili. Sitaki zaidi.

FUNDI: Mwalimu, nikiandika “nimetenga C yote” nani atanunua?

MWALIMU: Atakayenunua atakuwa anajua.

FUNDI: Wa jirani hataandika, na bei yake itakuwa chini. Wateja watakwenda kwake.

BINTI: Unaweza kuacha kutenga, ukauza na LibreOffice, na risiti isiwe na la kuandikwa.

FUNDI: Mteja anaingia hapa anauliza “ina Office?” Nikimwambia ina LibreOffice anaondoka. Dada, wewe unabadilisha mashine, mimi natakiwa nibadilishe watu.

Sikuwa na jibu la hilo, na binti pia hakuwa nalo. Fundi alivuta daftari lake la risiti, akafikiri, akaandika kwa mwalimu: SSD, bei, LibreOffice bure, “kinga imewashwa, hakuna kilichotengwa”. Mwalimu akasoma mara mbili, akaanza kupunguza bei ya SSD. Walivutana hapo kwa muda mrefu kuliko walivyovutana juu ya Defender. Mama wa steshenari alikuwa ameshasimama na kuaga, kisha akarudi.

MAMA WA STESHENARI: Fundi, na ile ya kwangu uliyokuja kuzima kelele. Ulizima, au ulitenga?

FUNDI: Mama, hiyo niletee jioni.